Prosesa Uliyoificha Kwenye Droo ya Vijiko

Mwanangu Sabra,

Shikamoo yako nimeshaipokea leo mara mbili, asubuhi na uliporudi kutoka kuaga majirani, kwa hiyo salamu tuziache. Nimekaa barazani, taa ya nje inamulika nusu ya karatasi, na ndani nakusikia wewe na mama yako mnajadili kama sufuria ya pili iingie kwenye begi au ibaki. Sahihi ni ibaki. Lakini mama yako ameshaamua iende, na wewe najua utasema sawa.

Mambo ya kula, kulala, kufunga mlango na kuchagua mtu wa kukaa naye chumba kimoja, mama yako ameyamaliza wiki nzima hii. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia habari za ile kompyuta. Usicheke. Nikijaribu kusema kwa mdomo nitaharibu, nitaanza utani, halafu nitapandisha sauti, na wewe utainuka kwenda kuosha vyombo.

Nina wasiwasi, mwanangu. Kesho alfajiri unapanda gari kwenda Mwanza kusoma famasia, na mimi niliyekuchagulia famasia sijui kama unataka kwenda. Kwa kukutazama siwezi kujua. Mpaka Jumamosi iliyopita nilidhani nakufahamu kuliko ninavyofahamu bei ya simenti.

Nyumba hii ya Chamazi unajua ilivyojengwa, maana umekua nayo. Nilinunua kiwanja nikiwa bado napanga chumba Temeke. Faida ya duka langu la vifaa vya ujenzi ikipatikana, tofali. Mvua zikiisha, msingi. Mwaka mwingine nondo za lenta, mwaka unaofuata hakuna kitu kwa sababu wewe ulizaliwa. Geti nililinunua kabla ya ukuta, kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri siku hiyo, likakaa limeegemea banda la kuku mpaka likaanza kutu. Ramani hatukuwa nayo. Fundi aliichora kwa kijiti kwenye mchanga, mimi nikaifuta kwa mguu sehemu mbili tatu nikamwambia weka chumba hapa, na ndiyo ikawa ramani. Tulihamia bila lipu, madirisha tumeziba kwa mabati. Sioni aibu. Watu wengi huku kwetu wamejenga hivyo hivyo, na usiku tunalala ndani.

Kwa hiyo uliponiambia, ukiwa kidato cha pili, kwamba unaomba kompyuta ya mezani, mimi nilijua namna moja tu ya kupata kitu kikubwa. Nakumbuka nilikuuliza kwa nini usitake laptop kama watoto wa wenzangu. Ukanieleza kwamba laptop ikiharibika mara nyingi unaitupa, lakini ya mezani kipande kilichokufa unakitoa unaweka kingine, na ukipata uwezo unaiongezea. Nilifurahi mpaka nikamsimulia mama yako usiku kucha, nikasema mtoto amerithi akili ya ujenzi. Nikakuambia, "Tutaijenga kidogo kidogo." Ukasema, "Sawa, baba."

Hiyo sawa ilikuwa ya kweli. Nimeifikiria sana wiki hii, na naamini ile ya kwanza ilikuwa ya kweli.

Nikaanza na kasha. Bila shaka nilianza na kasha, mtu aliyenunua geti kabla ya ukuta angeanza na nini? Nilipita Kariakoo kufuata vitasa vya duka, nikaliona dirishani, jeusi, ubavu mmoja kioo, mbele taa tatu za bluu. Nikalibeba kwenye bajaji nimelipakata. Tukaliweka sebuleni juu ya meza ndogo, tupu, na kwa kuwa halikuwa na kitu ndani mama yako akalifunika kwa kitambaa chake cha kufuma na juu akaweka king'amuzi. Wageni walikuwa wakiuliza hiyo nayo ni spika. Nilikuwa nawajibu, hiyo ni kompyuta ya Sabra, bado tunaijenga.

Halafu ikaja mazabodi, ule ubao mkubwa ambao vipande vyote vingine vinachomekwa humo. Kuna mteja wangu ofisi yao ilikuwa inaondoa vifaa vya zamani, akaniachia. Nikaona bahati. Ukaipokea kwa mikono miwili, ukaipangusa vumbi kwa mswaki wa meno. Miezi mingi baadaye, labda mwaka na zaidi, nikapata prosesa. Muuzaji alisema ndiyo ubongo wa kompyuta na kwamba hii ni ya nguvu, na boksi lake lilikuwa halijafunguliwa. Sikumuuliza inaingia kwenye ubao gani. Kwangu mimi nondo ni nondo, ukinunua leo au mwakani inakaa kwenye zege lolote.

Nakumbuka jioni hiyo vizuri. Ulilifungua boksi mezani, ukakiangalia kile kipande kidogo, ukakigeuza upande wa chini, ukakiangalia tena. Kisha ukanitazama usoni. Ulinitazama kwa muda, Sabra. Nilikuwa nimesimama nimeshika kiuno nasubiri. Ukasema, "Asante, baba, nzuri sana." Ukakirudisha kwenye boksi na boksi ukaliweka kwenye droo ya vijiko, nyuma kabisa, chini ya zile uma tusizotumia. Nikasema mtoto huyu anajua kutunza vitu.

Ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, ilifuata. Hiyo nilitaka kuichomeka mwenyewe. Ile ramu ina kijipengo kwa chini, na mahali pake pana kijiukuta cha kuingia kwenye hicho kijipengo, na viwili hivyo havikukutana. Nikakandamiza. Mlango mpya nao hausemi ndiyo kwenye fremu mara ya kwanza, unausukuma, unaupiga randa, unakubali. Nikakandamiza kwa dole gumba mpaka kibanio kikakatika kikarukia kwenye zulia. Wewe ndiye uliyekiokota. Ukaniambia, "Si wewe baba, hii plastiki yenyewe imekauka." Nikakubali kwamba plastiki ilikuwa imekauka.

Mwisho pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme. Ilikuwa na namba kubwa ubavuni na stika ya dhahabu. Nayo ikaingia kabatini, na mimi nikahesabu kwamba tumefika kwenye kupaua. Nikajiambia siku ukiitwa chuo nitaipeleka kwa fundi aikusanye, uondoke nayo.

Basi Jumamosi tukaenda Chang'ombe kwa Mudi, yule fundi wa kompyuta pembeni ya karakana za kuchomelea. Nilivaa shati la Ijumaa. Mudi akanipa shikamoo, akavipanga vitu vyetu mezani kimoja kimoja, akajikuna shingo.

"Mzee, hivi vitu havijuani," akasema. "Hii prosesa na hii mazabodi ni za watu tofauti. Ramu nayo ya kizazi kingine. Na hiyo pawasaplai hata ukiniomba siichomeki, itakuja kutuunguzia na kisichohusika."

Nikamwambia haiwezekani, vyote ni vizima, vingine viko kwenye maboksi.

"Ni vizima, mzee. Ila havikai pamoja." Kisha akakuangalia wewe. "Mbona sista anajua? Alishakujaga hapa na hiyo prosesa kwenye mfuko, kitambo sana. Bado ana sare za shule."

Ulikuwa unaangalia chini, unasukuma skrubu kwa ncha ya kandambili. Nilivikusanya vitu kwenye mfuko wa rambo na tukapanda bajaji. Tulipofika taa za Uhasibu nikakuuliza kwa nini hukuniambia miaka yote hiyo. Taa zikawaka kijani.

"Ulikuwa unafurahi sana, baba," ukasema. "Mie ningekwambiaje?"

Nimebeba mifuko ya simenti mgongoni ujana wangu wote. Sikumbuki mzigo ulionikalia kama maneno hayo.

Nilikasirika kwanza, nakiri. Niliona umenifanya mjinga, wewe na fundi. Mpaka tunafika nyumbani nilikuwa nimenuna, na chakula nilikula peke yangu hapa barazani. Ndipo hapa, na sahani mapajani, nikakumbuka viatu vya Idi.

Wewe labda umesahau, ulikuwa darasa la tatu. Vyeusi, vyenye kipepeo mbele. Nilikununulia kwa kukisia, sikukupeleka dukani kwa kuwa nilitaka ushtuke kwa furaha. Asubuhi ya Idi ukavijaribu, ukasema, "Baba, vinabana." Basi. Ulisema ukweli wa mguu wako. Na mimi nikavichukua, nikatoka navyo kimya kimya, nikampa mtoto wa jirani mbele yako, kisha nikarudi nikakaa kwenye mkeka na sura imefungwa hadi pilau likapoa. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mama yako alijaribu redio, nikaizima.

Sikukupiga wala sikukugombeza. Nilijisifu kwa hilo, kwamba mimi si mtu wa kugombeza watoto. Sikujua kwamba kununa kwangu kunafanya kazi kuliko fimbo. Idi iliyofuata nikakisia tena, ukavaa, ukacheza kutwa nzima, na jioni mama yako akaniita nione visigino vyako vilivyochubuka. Nikasema ngozi ya mtoto ni laini. Tangu hapo kila nilichokuletea kilikuwa kizuri sana na asante sana, na mimi nikadhani nimekuwa hodari wa kuchagua.

Si wewe peke yako. Unajua kwa nini moshi wa jiko unaingia chumbani kwetu? Mama yako aliniambia siku ile tunapiga msingi, "Dirisha la jiko likikaa hapo moshi wote utakuja kwetu." Nikamjibu kwamba nyumba naijenga mimi. Alisema mara moja tu. Kisha akasema sawa, akavumilia mkaa mpaka tuliponunua gesi, na hajawahi kunikumbusha. Ningefurahi angenikumbusha hata siku moja, kwa kelele, sahani ivunjike. Sasa naiona nyumba yangu kwa jicho lingine. Ni nyumba ya watu wanaoangalia uso wangu kwanza ndipo wajibu.

Jumatatu nikakuomba twende Kariakoo wote wawili, wewe ununue na mimi nibebe. Nilifanya hivyo kwa shingo upande, nikueleze ukweli. Lakini nilichokiona huko sijawahi kukiona nyumbani kwangu.

Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alikukaribisha kwa kukuuliza, "Sista, mashine ya kuchezea gemu au ya ofisi?"

"Ya kuchorea majengo," ukasema. "Ramani, halafu unaisimamisha inakuwa nyumba, unaingia ndani."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako na mfuko mtupu. Majengo. Nikadhani nimesikia vibaya. Ukaendelea kumweleza mambo ya kivuli cha jua, na upepo unaingilia wapi, na kwa nini kazi hiyo inahitaji ramu nyingi, kwa sauti ya mtu aliyeyafikiria mambo hayo miaka. Ulianza na kazi yenyewe. Kutoka kwenye kazi ukachagua prosesa, na hapo hukujali ya mtumba, ulisema prosesa haizeeki upesi. Kutoka kwenye prosesa ukatafuta mazabodi inayoikubali. Ramu ukachukua kipande kimoja kizuri, na nafasi ya pili ukaiacha wazi.

Hapo nikachangamka, nikasema, "Kumbe na wewe unajenga kidogo kidogo."

Ukageuka ukacheka kidogo. "Kidogo kidogo haina ubaya, baba. Ila ramani ikae kwanza, ndiyo tofali lije."

Halafu ikaja pawasaplai. Muuzaji akakuwekea moja mkononi, akasema hii wati mia tano, bei ya asubuhi, wateja wote wanachukua hii. Hukusoma stika. Uliipima kwa kiganja, ukaipandisha na kuishusha, ukamrudishia.

"Hapana, kaka. Nyepesi. Ndani wamepunguza shaba."

"Sista, ina waranti hiyo."

"Kwetu umeme unapanda na kushuka kila siku. Hapana. Nipe ile nzito."

Ulisema hapana mara mbili, huku unatabasamu, na kijana akaenda kuleta nzito, na dunia haikuanguka. Mimi, baba yako kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa nasikia neno la namna hiyo kinywani mwako kwa mara ya kwanza tangu vile viatu. Niliona fahari, na papo hapo niliona wivu. Mtu aliyekufahamu kwa robo saa amepewa ukweli wako bila kuuomba.

Kumbe kasha langu lilifaa. Hilo ndilo lililonifariji. Juzi ulipotoa kile kitambaa cha mama yako na kulilaza mkekani, mazabodi mpya ikakaa, tundu za skrubu zikakutana zote, na wewe ukasema, "Unaona, baba, hili halikuwa na tatizo tangu mwanzo." Sijui kama ulisema kwa sababu ni kweli au kwa sababu ulikuwa unaangalia uso wangu. Unaona ulipoifikisha akili yangu? Sasa hata sifa naipima kwa kiganja.

Ikawaka. Taa tatu za bluu, baada ya miaka yote ile. Mama yako akapiga kigelegele kidogo jikoni. Nikakuomba unionyeshe basi hayo majengo, na ukasita, kisha ukafungua kwenye televisheni yetu mchoro mmoja kutoka kwenye flashi yako, uliouchora kwa kompyuta ya shule. Nilitambua paa kwanza. Ilikuwa nyumba yetu. Banda la kuku lipo, geti lipo. Ukaniingiza ndani kwa mshale, sebuleni, koridoni. Dirisha la jiko lilikuwa upande wa pili, ambako upepo unatoka. Na mlango wa chumba chako ulikuwa unafungukia nje.

Mlango wako unagonga kitanda. Tangu tuhamie unagonga kitanda, unaingia chumbani kwako kwa ubavu, na mimi sikuwahi kukusikia ukilalamika. Nilitazama ule mchoro nikasema umechora vizuri, nikatoka nje nikajifanya naangalia tenki la maji.

Naomba nikwambie famasia ilitoka wapi, ingawa nadhani unajua. Niliichagua kama nilivyochagua prosesa. Kuna mteja wangu wa Kinondoni anayejenga ghorofa, ana maduka ya dawa, akaniambia binti wa sayansi mpeleke famasia, dawa zinanunuliwa hata watu wakiwa na njaa. Bei ilikuwa nzuri, boksi halijafunguliwa. Jioni ile nikakusimamia ukijaza maombi kwenye simu, famasia ya kwanza, famasia ya pili, famasia ya tatu. Hata masomo ya kidato cha tano nilikupangia mimi. Nikakuuliza, "Umeridhika?" Ukanitazama usoni kwa muda. Ukasema, "Sawa, baba."

Na najua kwa nini hukunitajia majengo. Miaka yote umenisikia nikirudi na vumbi la simenti nyusini nikisema ujenzi umenimaliza, mwanangu hatashika kazi hii hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nalalamikia mgongo. Sikujua kuna mtu anaandika maneno yangu moyoni kama amri.

Jana usiku, mama yako amekwenda kuswali, nikajitahidi. Nikakuuliza, "Na famasia je?" Ukaweka tonge chini. "Sawa tu, baba," ukasema, kisha ukakusanya sahani, na yangu ilikuwa bado na wali.

Hiyo sawa ndiyo inayoninyima usingizi. Inaweza kuwa kweli. Inawezekana kuchora ni kupumzika kwako tu na dawa unazipenda, watu wana mambo mawili. Au inawezekana ni ileile prosesa, unaigeuza chini, unaona miguu yake haikutani na matundu, na unakwenda kuificha kwenye droo ya vijiko kwa miaka minne, Mwanza, mbali, ambako sitaona hata visigino vyako.

Utaniuliza kwa nini nisiamue basi, kama ninavyoamua siku zote. Nimefikiria. Nilikaribia kuingia chumbani kwako leo mchana nikakuambie acha famasia, kasome majengo. Nikasimama mlangoni pako, kwa ubavu, nikaona nitakuwa nimekununulia prosesa nyingine. Ungesema sawa, baba, nzuri sana. Na sijui hata kama kwa masomo niliyokupangia mlango huo bado uko wazi, au itakubidi ukae mwaka nyumbani, au uanzie kwenye cheti na watoto wadogo kwako. Huenda ukanichukia kwa hilo pia. Sina ramani, Sabra. Nina kijiti na mchanga, na naogopa kuufuta mchoro wako kwa mguu.

Mama yako nilimwambia haya yote alasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele wa safari. Akasema, "Baba Sabra, mtoto hawezi kukujibu, kwa sababu wewe ukiuliza unakuwa umeshajibu kwa uso." Nikamuuliza sasa nifanyeje, uso nitauweka wapi? Akasema hajui. Lakini alisema bila kuniangalia, macho yake yamebaki kwenye ungo, na nadhani ndiyo sababu aliweza kusema.

Kwa hiyo nitakupa barua hii kwa kuipitisha chini ya mlango wako, maana huo mlango una upenyo mkubwa, kosa jingine la fundi wangu. Isome kabla hujalala. Usitoke kunijibu. Usije kuniomba msamaha, sitaki, huna kosa lolote. Na usilie mbele ya mama yako, atadhani nimekugombeza, nitakosa chai.

Kesho alfajiri, kabla bajaji haijaja, kompyuta itakuwa ndani ya lile boksi la televisheni, imeviringishwa blanketi, na mimi nitakuwa nimepiga goti sebuleni naifunga kamba. Njoo usimame nyuma yangu. Nitakuuliza swali moja, "Famasia inakaa au haikai?" Sura yangu siiwezi, imenishinda tangu ujana, itafanya inavyotaka. Ndiyo maana nitauliza nikiwa nimekupa mgongo. Usizunguke kuja mbele kuitafuta. Angalia mikono yangu na kamba, halafu sema neno la mguu wako, kama ulivyolisema ukiwa darasa la tatu.

Ukisema inakaa, nitakuamini, nitakaza fundo la mwisho na nitabeba boksi mpaka kwenye gari. Ukisema haikai, utaniona nimenyamaza. Nivumilie hapo, usiseme kitu, usinipooze. Nitanyamaza kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyo, halafu nitaanza kufungua kamba.

Baba yako